Sangara Mezani: Kuzijua Tishu za Mwili na Namna Kila Moja Inavyopona

Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, asubuhi, jua halijakolea, usimame karibu na meza ya mpasuaji wa sangara. Angalia kisu kinapita wapi. Kwanza magamba yanaruka. Kisha ngozi inachunwa, na chini yake inatokea minofu iliyopangika tabaka kwa tabaka. Tumboni kuna utando mwembamba unaong'aa kama nailoni. Juu yake, limeshikamana na uti wa mgongo, kuna bondo: mfuko mweupe mgumu ambao mpasuaji anautoa kwa vidole, taratibu, asije akautoboa, maana kilo ya mabondo makavu ina bei ambayo kilo ya minofu haiisogelei. Kinachobaki ni panki: kichwa, mifupa na mkia. Livunje panki karibu na kichwa, utaona ndani ya pingili za mgongo uzi mweupe, laini kama mafuta yaliyoganda. Huo ni uzi wa fahamu ulioshuka kutoka kwenye ubongo.

Ngozi na utando. Bondo na mfupa. Minofu. Uzi wa fahamu. Kwa dakika chache mpasuaji ametenganisha makundi manne ya tishu, yaleyale manne yaliyomo mwilini mwako. Wanafunzi wa udaktari kule juu, kilima cha Bugando, huyasoma kwa hadubini. Yeye huyajua kwa mkono, kwa sababu kila kundi linakikataa kisu kwa namna yake.

Neno tishu lisikuchanganye na karatasi laini ya kupangusia mikono mgahawani. Katika elimu ya mwili, tishu ni seli nyingi za aina moja, au za aina zinazofanana, zilizokaa pamoja na kufanya kazi moja. Asili ya neno ni Kifaransa, lenye maana ya kitambaa kilichofumwa. Mtu aliyelipa uzito ni Xavier Bichat, daktari wa Paris aliyefariki mwaka 1802 akiwa na umri wa miaka 30 tu. Hakutumia hadubini. Alipasua, akachemsha, akakausha, akahisi tofauti kwa vidole, akahesabu aina 21. Baadaye wataalamu waliokuwa na hadubini walizikusanya katika makundi manne tunayoyatumia hadi leo. Jambo kubwa aliloliona Bichat ni kwamba ugonjwa huanzia kwenye tishu, na tishu ileile huugua kwa namna inayofanana popote ilipo mwilini.

Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike. Mtu anapoumia, tunakimbilia kuuliza: kidonda ni kikubwa kiasi gani? Swali la kwanza lingekuwa: kimefika kwenye tishu gani? Mchubuko mpana wa ngozi unapona wiki mbili. Tundu dogo la mwiba, dogo hata huwezi kulionesha kesho yake, linaweza kuua kama litafika pasipostahili.

Tishu za utando: ngozi ya nje na ngozi ya ndani

Kundi la kwanza ni tishu za kufunika. Ngozi ya nje ni tishu ya utando. Ndani ya mdomo, kooni, tumboni, kwenye utumbo, kwenye mirija ya hewa, kwenye kibofu cha mkojo, kote huko kumetandikwa utando wa seli zilizobanana bila nafasi katikati. Pale penye msuguano, kama ngozi na koo, seli zimepangwa tabaka nyingi. Pale panapohitaji kupitisha kitu haraka, kama vifuko vya hewa vya mapafu, kuna tabaka moja jembamba mno. Kibofu kina utando wake wa pekee: seli zake hutanuka kinapojaa na kujikunja kinapokuwa kitupu. Hata tezi za jasho, za mate na za maziwa ni utando uliodidimia ndani na kugeuka kiwanda.

Utando hauna mishipa ya damu ya kwake. Unakula kutoka kwenye tishu iliyo chini yake. Lakini unajifanya upya haraka kuliko tishu nyingine karibu zote. Utando wa utumbo unabadilishwa ndani ya siku chache, na tabaka la juu la ngozi kwa takriban mwezi mmoja. Ndiyo maana ukijing'ata ulimi leo, keshokutwa umesahau.

Hapa kuna mambo matatu ambayo watu wa ziwani hukutana nayo.

La kwanza, mwiba wa samaki kooni. Nimelelewa, kama wengi wetu, kwa dawa moja: meza tonge kubwa la ugali bila kutafuna, uushushe. Mara nyingi mwiba mdogo hushuka kweli, na hapo ndipo imani inapozaliwa. Lakini mwiba wa sato au sangara uliokwama kwa pembe, tonge linaukandamiza kwenye utando kama nyundo inavyokandamiza msumari. Njia ya chakula ina ukuta mwembamba, na nyuma ya ukuta huo, kifuani, kuna mishipa mikubwa ya damu na nafasi ambayo vijidudu vikiingia ni hatari ya kifo. Acha kula. Usiingize vidole. Kama maumivu ya kuchoma yanaendelea kila unapomeza, kama mate yanakushinda kumeza, kama unatema damu, kama kifua au shingo inauma, nenda hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo.

La pili ni moto. Mtoto amemwagikiwa uji. Mpeleke kwenye maji safi ya kawaida yanayotiririka, umwagie pale palipoungua kwa dakika 20, bila barafu. Kama hakuna bomba, mimina kwa kata, polepole, mfululizo. Vua nguo iliyolowa isipokuwa iliyogandia ngozini. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia, yai wala tope. Malengelenge yaache yalivyo. Kisha funika kwa kitambaa safi, uende kituo cha afya.

Sababu ya haraka hiyo iko kwenye tishu. Moto ukiishia juu, mizizi ya vinyweleo na tezi za jasho hubaki hai chini, na humo ndimo seli mpya zinamotoka kutandaza ngozi upya. Joto likizidi kuzama ndani, hata baada ya uji kuondolewa, linaua mizizi hiyo, na hapo ngozi haina pa kuotea isipokuwa pembezoni. Na jambo hili mzazi alijue: sehemu iliyoungua ambayo haiumi, nyeupe au kavu kama ngozi ya kiatu, ndiyo mbaya zaidi. Haiumi kwa sababu neva zake nazo zimekufa. Mtoto anayetulia baada ya kuungua vibaya bado yuko hatarini.

La tatu ni jua. Ndani ya tabaka la juu la ngozi kuna seli zinazotengeneza melanini, rangi inayoikinga ngozi. Mwenye ualbino anazo seli hizo lakini hazitengenezi rangi ya kutosha, na jua la ziwani linampiga mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwake ni lazima. Kidonda cha midomo, masikio, uso au shingo kisichofunga kwa mwezi mmoja kioneshwe hospitali. Saratani ya ngozi ikikatwa mapema, mara nyingi inaisha.

Tishu unganishi: bondo, kongoro na damu

Kundi la pili ndilo lenye ukoo mkubwa, na ndilo ninalolipenda zaidi. Tishu unganishi hazibanani kama utando. Seli zake ni chache na zimetawanyika, na katikati yake kuna vitu ambavyo seli zenyewe zimevifuma: nyuzi, ute, au chumvi ngumu. Uzi mkuu unaitwa kolajeni. Bondo la sangara ni kolajeni karibu tupu, ndiyo maana ni gumu kuraruka. Kano zinazovuta vidole vyako ni kolajeni iliyosokotwa kama kamba ya nanga. Ukipika samaki, kuta nyembamba za kolajeni zilizotenganisha tabaka za minofu zinayeyuka upesi, na nyama inakatika yenyewe kwa kidole. Ukipika kongoro la ng'ombe, kolajeni yake ni nene na imekomaa, inataka saa kadhaa za moto. Supu ikipoa inaganda. Kile kilichoganda ndicho kilichokuwa kimemshikilia ng'ombe asimame.

Humo humo katika ukoo huu kuna gegedu la sikio na la magoti, mafuta chini ya ngozi, mfupa na damu. Damu kuitwa tishu huwashangaza wengi. Lakini angalia: ina seli, na katikati ya seli kuna maji yenye protini, na seli zenyewe huzaliwa ndani ya uboho wa mfupa. Ni tishu inayotembea.

Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Kwa mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu, kisha inavunjika, na njiani inaweza kukwama kwenye mshipa mdogo na kuleta maumivu makali ya mifupa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na Kanda ya Ziwa ina sehemu kubwa ya watoto hao. Mtoto mdogo anayevimba vidole vya mikono na miguu kwa pamoja, mwenye macho ya manjano, homa na upungufu wa damu unaorudi rudi, apimwe selimundu. Mzazi asitosheke na kipimo cha malaria peke yake. Watoto hawa wanahitaji damu mara kwa mara, na damu haitengenezwi kiwandani. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha kanda hapa Mwanza. Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4.

Mfupa uko hai na umejaa mishipa ya damu, kwa hiyo unapona vizuri kuliko watu wanavyodhani. Ukivunjika, kwanza damu inaganda pale. Baada ya wiki mbili tatu kunakuwa na daraja laini la gegedu na nyuzi, kisha daraja hilo linajazwa chumvi na kuwa mfupa kwa wiki 6 hadi 12 kwa mtu mzima, na kwa miezi mingi baadaye linachongwa hadi kurudi umbo lake. Kano na gegedu hazina bahati hiyo. Kano ina mishipa michache ya damu, na gegedu la kiungo halina kabisa. Ndiyo maana kijana aliyeteguka goti kwenye mpira anaweza kuhangaika muda mrefu kuliko mwenzake aliyevunjika mguu.

Sina ugomvi na wazee wanaounga mifupa. Wengi wana mkono mwepesi na subira. Hatari iko kwenye vijiti vinavyofungwa kwa kukaza. Mguu uliovunjika unavimba baada ya kufungwa, uvimbe unakosa nafasi, unabana mishipa, na misuli isiyopata damu inaanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Dalili ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, vidole kuwa baridi au kufa ganzi, na mgonjwa kupiga kelele ukimnyoosha vidole. Legeza kamba hizo saa hiyo hiyo, usiku huo huo, kisha mkimbize hospitali. Kusubiri asubuhi kunaweza kumgharimu mguu.

Siwezi kuliacha kundi hili bila kuvuka ziwa hadi Kampala. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, aliandika kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya unaokua kwa kasi ya ajabu. Baadaye alisafiri kwa gari nchi nyingi za Afrika akiweka alama kwenye ramani, akaona kwamba ugonjwa unafuata maeneo yenye joto na mvua, yaani yenye malaria. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waligundua virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Saratani hiyo, ambayo sasa inaitwa kwa jina la Burkitt, huanza kwenye seli nyeupe za kinga, na ukanda wa Ziwa Victoria ni kwake hasa. Mtoto wa miaka 4 hadi 10 mwenye meno yanayolegea bila sababu na shavu au tumbo linalovimba kwa siku na wiki, usimpeleke kung'olewa meno ukarudi nyumbani kusubiri. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo hiyo ya kasi, dawa za saratani huuyeyusha vizuri ukiwahiwa.

Misuli

Hapa nitapita haraka. Misuli ni tishu inayojikunja, na iko ya aina tatu. Ile ya kuvuta nyavu na kupiga kasia imeshikizwa kwenye mifupa na inakutii. Misuli laini iko kwenye kuta za utumbo, kibofu, mfuko wa uzazi na mishipa ya damu, haikuulizi. Ya moyo ni ya pekee, inajikunja yenyewe tangu ukiwa tumboni mwa mama hadi siku ya mwisho.

Misuli ya mifupa ikichanika kidogo hujirekebisha, ikichanika sana huziba kwa kovu. Ya moyo ikikosa damu haifumwi upya. Panabaki kovu lisilojua kudunda. Kifua kinachobana kama kimewekewa gunia, maumivu yakienda bega, mkono wa kushoto au taya, na jasho jembamba, hiyo ni dharura. Usiite vidonda vya tumbo hadi daktari aseme hivyo.

Neva, na mwiba ulioingia kimya

Tishu ya neva ni ubongo, uzi wa mgongo na nyaya zake zinazofika hadi ncha ya kidole. Seli yake moja inaweza kuwa na mkia unaotoka mgongoni hadi kwenye wayo. Mkia uliokatika mkononi au mguuni unaweza kuota tena, takriban milimita moja kwa siku, ukiwa umeungwa vizuri. Ndani ya ubongo na uzi wa mgongo hali si hiyo. Kilichokufa humo kwa kiasi kikubwa hakirudi. Dereva wa bodaboda anayeniambia kofia ngumu inampa joto, namjibu hivyo hivyo.

Lakini adui wa neva anayenikera zaidi ni pepopunda. Vijidudu vyake vimo kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Vinapenda tundu jembamba lenye kina, pasipofika hewa: msumari kwenye mchanga wa mwalo, mwiba wa mgongo wa samaki, ndoana yenye kutu. Kidonda hakihitaji kuwa kikubwa. Sumu inayotengenezwa pale inapanda kwa njia ya neva hadi kwenye uzi wa mgongo na kukata breki ya misuli. Taya linajifunga, shingo inakaza, mgongo unapinda kama upinde, na sauti tu ya mlango inatosha kumtupa mgonjwa katika mkazo mwingine. Akili iko timamu muda wote.

Kina mama hupata chanjo ya pepopunda wakiwa wajawazito, na watoto hupata katika chanjo zao za kawaida. Wanaume wazima ndio wanaosahaulika. Mvuvi, fundi, mkulima, mpasua samaki: chomwa na kitu kichafu leo, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda ukaulizie chanjo leo hiyo hiyo. Usingoje taya likaze.

Kichocho: mdudu anayepita tishu zote

Mtu akitaka kuona kwa nini elimu hii si ya darasani tu, amfuate mdudu wa kichocho. Yai linatoka na kinyesi cha mtu, linaangukia majini, linaanguliwa. Kinachotoka kinamtafuta konokono mdogo kwenye matete ya pwani ya ziwa, kinaingia, kinazaliana. Wiki chache baadaye konokono mmoja anatoa majini viluwiluwi kwa maelfu, visivyoonekana kwa macho, hasa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana jua likiwa kali. Ndio wakati ule ule watoto wanapooga na mama wanapofua.

Kiluwiluwi kinagusa ngozi. Kwa dakika chache, kwa kimeng'enya kinachoyeyusha, kinapenya tabaka la utando, kinapita kolajeni iliyo chini, kinaingia kwenye mshipa wa damu. Ngozi huwasha kidogo, pengine haiwashi kabisa. Damu inakipeleka kwenye mapafu, kisha kwenye ini, ambako kinakua. Dume lina mfereji mwilini, jike linalala ndani ya mfereji huo, na wawili hao wanahamia kwenye mishipa ya utumbo, wanakaa miaka mingi. Aina hii inayokaa utumboni ndiyo iliyotawala mwambao na visiwa, Ukerewe na Kome vikiwemo. Jike lake hutaga mayai mamia kwa siku.

Mdudu mwenyewe hafanyi madhara makubwa. Mayai ndiyo tatizo. Sehemu yanatoboa ukuta wa utumbo na kutoka. Nyingine, karibu nusu, yanapotea njia, yanasombwa na damu hadi kwenye ini na kukwama. Mwili unaona kitu kigeni, seli za kinga zinalizingira yai, kisha tishu unganishi inajenga kovu kulizunguka. Yai moja, kovu moja dogo. Zidisha kwa mamia kwa siku, kwa miaka 10 au 20. Ini lililokuwa laini kama sponji linapitiwa na mikanda migumu ya kolajeni, ileile ya bondo na kongoro, ikiwa mahali isipotakiwa. Damu inashindwa kupita. Bandama linavimba, tumbo linajaa maji, na mishipa iliyo sehemu ya chini ya njia ya chakula inatanuka kama kamba zilizojaa maji. Siku moja mshipa unapasuka na mtu anatapika damu. Kwa wengine hiyo ndiyo dalili ya kwanza wanayoitambua, na jirani wanasema amerogwa.

Kuelekea bara, kwenye malambo na majaruba ya mpunga ya Misungwi na Kwimba, iko aina nyingine inayokaa kwenye mishipa ya kibofu. Kijana anakojoa damu mwishoni mwa mkojo, na wazee wengine huona ni dalili ya kubalehe. Si dalili ya kubalehe. Mayai yanauchubua utando wa kibofu mwaka hadi mwaka, hata ule utando laini wa kutanuka unageuka kuwa mgumu kama wa ngozi, na katika mgeuko huo saratani ya kibofu hupata nafasi. Kwa mwanamke mayai yanaweza kukwama kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta kutokwa damu, maumivu ya tendo la ndoa na ugumba. Wengi wanatibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu, mara nne, bila nafuu, na bila kuulizwa wamekulia wapi. Dada, ukipata hali hiyo na ulikua ukioga lambo au ziwa, mwambie daktari mwenyewe.

Dawa ni praziquantel. Wanafunzi wanaifahamu: unasimama kando ya ule mti wenye alama, urefu wako unaonesha idadi ya vidonge. Kula kwanza, maana tumbo tupu huleta kichefuchefu. Dawa inaua wadudu wakubwa, haiui vizuri walio wachanga, na haizuii kuambukizwa tena kesho, kwa hiyo inarudiwa. Makovu mapya ya ini yanaweza kulegea baada ya tiba. Ya zamani hayaondoki yote. Hapo ndipo ninapowasihi wavuvi, wachota maji na wafua nguo waliotoka shuleni zamani: dawa za shule hazikufikii. Nenda kituo cha afya uombe kupimwa choo na mkojo, kila mwaka kama kazi yako iko majini. Maji ya kuoga yaliyochotwa ziwani bila konokono, yakikaa kwenye pipa lililofunikwa kwa saa 48, viluwiluwi vyake vinakuwa vimekufa. Na choo cha mwalo kitumike, maana bila kinyesi wala mkojo majini mzunguko mzima unakatika.

"Tunachukua kinyama"

Siku daktari akikuambia hivyo, yaani anataka kukata kipande kidogo cha tishu kwa ajili ya vipimo, usikimbie. Imeenea hofu kwamba saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Kinyama kinachochukuliwa kitaalamu hakisambazi saratani, na bila hicho daktari anatibu kwa kubahatisha. Utachomwa sindano ya ganzi, au utalazwa usingizi kama sehemu ni ya ndani.

Kipande kinatumbukizwa mara moja kwenye chupa ya formalini. Kisiwekwe kwenye maji, wala maji ya chumvi, wala spiriti. Ukipewa chupa uipeleke mwenyewe hospitali ya Bugando kutoka hospitali ya wilaya, hakikisha jina lako, tarehe na sehemu kilipotolewa vimeandikwa kwenye chupa yenyewe, kwa sababu mfuniko unabadilika. Maabara wanakikausha maji, wanakizamisha kwenye nta iliyoyeyuka, kikiganda wanakichana kwa wembe maalumu vipande vyembamba kuliko unywele mara 20 hivi. Kila kipande kinalazwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili: ya zambarau inashika viini vya seli, ya waridi inashika kilichobaki.

Mtaalamu anachungulia. Utando anautambua kwa jinsi seli zilivyobanana, na kama zimevunja mstari na kuzama chini mahali pasipo pao, hiyo ni saratani. Misuli ya mifupa na ya moyo ina michirizi. Kolajeni inaonekana kama mawimbi ya waridi. Katika ini la mtu wa ziwani, katikati ya mawimbi hayo, mara nyingine analikuta yai la kichocho lenye mwiba mmoja ubavuni, limezingirwa pande zote.

Majibu huchukua siku, wakati mwingine wiki. Uliza tarehe, iandike, uifuate mwenyewe. Karatasi ya majibu itunze pamoja na namba yake. Kile kipande cha nta hakitupwi. Kinahifadhiwa miaka mingi. Ukipewa rufaa kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au hospitali nyingine yoyote, taja namba hiyo, kipande kiombwe na kisomwe tena, usije ukakatwa mara ya pili.